Mikunga wa Juu ya Ukuta

Kituoni, 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za magoti, na zaidi ya yote, habari za masikio? Nilipokupigia simu nikiwa njiani nilikuuliza kama dada amefika, ukanijibu, "Ndiyo, nimeshakula." Basi yaishe, tuandikiane. Lori la kituo hushuka mjini kila wiki, na dereva ameahidi kuzifikisha barua posta bila kuzikalia.

Nimefika salama. Kituo chetu ni nyumba tatu za mabati zilizoachwa na wajenzi wa bwawa. Chumba changu kina kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha linalotazama ukuta. Mama, ukuta huo ukiutazama kutoka chini shingo inauma. Najua nyuma yake kuna ziwa zima limeegemea saruji, na kila nikipita hapo chini natembea kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya mzee aliyelala. Mitambo ya umeme inanguruma mchana kutwa, kikombe kinatetemeka mezani. Siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea.

Tumetumwa kuchunguza samaki waliobaki huku juu: ni wa aina gani, wana hali gani, na bwawa limewafanya nini. Tuko watatu. Yupo Profesa, anayekaribia kustaafu na anayeyatumia maneno kama maji ya kiangazi. Yupo nahodha wa boti, tunayemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Na mimi.

Sasa cheka. Samaki niliyepewa mimi ni mkunga, yule mrefu kama nyoka. Nilipomwambia Kimya kwamba hata mama yangu ni mkunga, aliyezalisha nusu ya mji wetu, alifikiri kidogo akauliza, "Wa maji baridi au wa maji chumvi?"

Jana tulimkuta mmoja kwenye mtego. Tulidhani gogo limeingia. Alikuwa mnene kama paja langu, na tulipomnyoosha kwenye kipimo alikaribia urefu wangu. Ngozi yake ina madoa kama mwamba wenye kuvu. Hakupigana. Alitulia ndani ya beseni akitutazama kwa macho madogo ya kizee, na mimi niliyesoma miaka yote ile nikasahau nilitakiwa kuandika nini. Kimya alivua kofia. Tulipomrudisha majini hakukimbia, alizama taratibu kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake.

Nisalimie wote. Uvae soksi.

Kitindamimba wako


Nyumbani, 21 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa ile ya kwenye simu ambayo sikuisikia. Mimi mzima. Magoti yananung'unika lakini yananibeba. Sikio la kushoto limefunga duka moja kwa moja, la kulia linafungua likitaka. Dada yako alifika na watoto, wamekula kila kitu na kuondoka.

Kwa hiyo umenikimbia mimi mkunga ukaenda kumtafuta mkunga mwenye madoa. Sawa. Barua yako niliisoma wodini, wazazi wakacheka mpaka mmoja akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Bado nakwenda pale asubuhi. Siwezi tena kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, kwa hiyo kile kipembe changu nimemwachia muuguzi mdogo. Lakini mikono haijazeeka. Wananiita mtoto akikaa vibaya, nampapasa, namgeuza, narudi kwenye kiti changu. Kuna kisanduku kipya cha joto cha watoto njiti. Sasa hivi analala humo kibinti mdogo kuliko mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko, tumbo lake linapanda na kushuka kama la chura. Kila nikipita nasimama. Miaka yote hii na bado nasimama.

Nina swali. Huyo mwenzangu wa madoa, watoto wake wako wapi? Hukuwataja. Wanataga mayai au wanazaa? Na nani anawazalisha?

Ule vizuri. Usiingie majini ukiwa na njaa.

Mama yako


Kituoni, 6 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole kwa sikio. Huku sote wazima, isipokuwa Kimya aliyeng'atwa kidole na kambale na sasa anayo hadithi ya kutosha mwaka mzima.

Swali lako nimelisoma kwa sauti mezani. Profesa aliweka kijiko chini, akasema, "Mwambie mama hilo ndilo swali lenyewe."

Hakuna anayejua, Mama. Hakuna binadamu aliyewahi kuwaona mikunga wa mtoni wakitaga. Tumefika mwezini, lakini hilo hatujaliona.

Tunachojua ni hiki. Wanazaliwa baharini, mbali sana, kwenye vilindi. Mtoto akianguliwa ni kama jani dogo la kioo, bapa, na mkondo wa bahari unambeba miezi na miezi. Akifika mdomoni mwa mto amekuwa kijiuzi kinachopitisha mwanga, moyo wake unauona ukidunda. Hapo anaanza kupanda. Anapanda mto mzima, na akikuta maporomoko anakwea mwamba kwa tumbo. Majike ndio wanaofika mbali zaidi. Wanaishi huku juu miaka kwa miaka. Kisha mwaka mmoja, bila mtu kujua kwa nini mwaka huo, jike anaacha kula. Utumbo wake unanywea, kwa sababu hatauhitaji tena. Macho yanapanuka kwa ajili ya giza la bahari. Tumbo linageuka rangi ya fedha. Mto ukifurika anageuza kichwa na kushuka, halali wala hali, mpaka kule alikozaliwa. Anataga mara moja tu, na anafia hukohuko. Kwa hiyo hakuna mkunga hata mmoja aliyewahi kumwona mama yake. Njia hawafundishwi na mtu.

Sasa nikueleze kilichotokea wiki hii. Tulimwokota mmoja amekufa chini ya ukuta, pale maji ya mitambo yanapotokea. Panga za mtambo zilimkata vipande viwili. Samaki ana kijiwe ndani ya sikio, Mama, na kijiwe hicho kinaongeza mduara kila mwaka, kama mti. Nilikisugua mpaka kikawa chembamba kama kucha, nikakiweka kwenye hadubini, nikahesabu. Nikadhani nimekosea. Nikamwita Profesa, naye akahesabu, akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena.

Ukuta una miaka arobaini na mitatu. Yule samaki alikuwa amepita hamsini.

Alipanda mto huu kabla ukuta haujajengwa, akiwa kijiuzi. Wakamwaga saruji nyuma yake. Na wote tunaowakuta huku juu ni wakubwa hivyohivyo, hakuna hata mmoja mdogo. Ni wazee watupu. Hakuna mtoto aliyepita tangu mlango ulipofungwa. Wamebaki wachache, na mwaka huu tumewakuta wengine tumbo limeanza kung'aa. Wanasubiri mafuriko. Yakija watashuka, na njia pekee iliyobaki ni kupita kwenye mitambo.

Nimeandika ombi kwa Meneja wa bwawa: siku za mafuriko ya kwanza azime mitambo, afungue mlango wa chini, wapite. Siku tatu tu. Niombee akubali.

Kitindamimba wako


Nyumbani, 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile habari ya kijiwe cha sikio nimemsimulia kila aliyepita mlangoni. Lakini jambo moja limenikaa kooni, na wewe unanijua, siwezi kumeza mfupa.

Umeme wa bwawa hilo ndio unaowaka huku. Jenereta la hospitali liliungua mwaka jana na hadi leo tunaambiwa kesho. Yule kibinti wa kwenye kisanduku cha joto bado yumo. Amepata mwenzake, wa kiume, mdogo zaidi. Ukizima mitambo siku tatu, kisanduku kitakuwa boksi la vioo.

Wewe ulizaliwa taa ipo. Hujui tulikotoka. Mimi nimezalisha nikiwa nimeuma tochi kwa meno, mate yananitiririka kifuani, mama anavuja damu na sioni inatoka wapi. Siku waya za umeme zilipofika wodini tulisimama chini ya balbu kama wajinga, tukiitazama. Mtu asiniambie kwamba ukuta huo ni ubaya mtupu.

Hao wazee wako wamesubiri miaka arobaini na mitatu. Mtoto njiti hasubiri hata nusu saa. Tafuta njia nyingine. Usinizimie taa.

Mama yako


Kituoni, 22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, wewe na hao wawili wa kwenye kisanduku.

Meneja alituita juzi. Ofisi yake iko juu kabisa ya ukuta, ina ubao wenye taa ndogo nyingi, kila taa mji. Ni mtu mpole, si kama nilivyomchora kichwani. Alisoma ombi letu lote, kisha akaniuliza, "Hizi taa nizime ipi?" Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye na hoja zangu nilizipanga vizuri. Lakini alipokuwa akizungumza nilisikia sauti yako mdomoni mwake. Profesa ndiye aliyesema, "Tumeelewa," tukatoka.

Sikukasirika, Mama. Niliumia, ni kweli, kwa siku mbili, maana nilitaka uwe upande wangu. Baadaye nikaona kwamba huna upande, una watoto tu, na mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo tutajaribu hivi: mafuriko yakianza tutawanasa kabla hawajafika mitamboni, tuwatie kwenye mapipa ya maji, tuwazungushe kwa lori mpaka chini ya ukuta. Ni kazi ya kichaa. Ziwa ni pana na sisi ni watatu. Wengi watatupita. Lakini kila mmoja tutakayempata ni mmoja.

Mawingu yameanza kukaa juu ya milima. Kama una nafasi, njoo. Najua magoti hayataki.

Kitindamimba wako


Kituoni, 19 Mei

Mama,

Shikamoo. Karibu mwezi sasa sijapata barua yako. Dada amenitumia ujumbe kwamba u mzima ila unasema kidogo. Kama nimekukosea, niambie, kimya chako kinanisumbua kuliko maneno yako.

Mvua imeanza. Maji ya ziwa yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mitego imeshatandazwa mbele ya ukuta na Kimya amehamia kwenye boti.

Naandika kwa haraka, lori linaondoka.

Mwanao


Nyumbani, 4 Juni

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Nimefika salama kutoka huko kwenu, dereva wa lori alinishusha mlangoni kama bibi harusi. Nguo zangu bado zinanuka samaki na jirani ameuliza mara mbili.

Ulipokuwa unaniuliza kwa barua kama nimekasirika, mimi nilikuwa tayari nafunga kibegi. Sikuwa na hasira. Yule kibinti alitolewa kwenye kisanduku, akawekwa kifuani kwa mama yake. Mama yule akaniambia, "Bibi, kumbe walikuwa wanampigania wote, hata wa mbali nisiowajua, wanaowasha huu umeme." Nikarudi nyumbani nikakaa. Nikasema, mwanangu naye anapigania kitu na mimi nimemwambia tafuta njia nyingine, halafu nimekaa kwenye kiti. Basi nikaja. Sikuja kuomba radhi, maana nilichosema ni kweli. Nilikuja kushika.

Mambo tuliyoyaona pamoja hatukuyazungumza, maana wewe ulikuwa hoi na mimi nilikuwa sisikii. Kwa hiyo nakuandikia.

Niliposhuka kwenye lori asubuhi ile, mvua inamwagika, hukuniona. Ulikuwa umesimama chini ya ukuta, maji yamekufika kiunoni, umeshika beseni, unaokota vipande. Kimya alikuwa pembeni yako, na kwa mara hiyo jina lake lilimfaa. Vipande vilikuwa vinene kama miguu ya watu. Nimewaona wazazi wengi wakipoteza, mwanangu, naujua mgongo wa mtu anayepoteza. Sikukuita. Nilikunja gauni, nikaingia majini, nikashika upande wa pili wa beseni. Ulinitazama ukasema kitu. Sikukisikia, wala sikuhitaji.

Mchana ule mkaleta wale wazima kwenye mapipa. Kumi na mmoja, ulisema kwa vidole. Na yule mkubwa, uliyenieleza kwenye barua ya kwanza, mkamlaza kwenye beseni la maji yenye mafuta ya karafuu ili alale. Profesa akaniashiria, "Mama, mshike." Nilidhani ananitania. Kumbe mikono yao ilikuwa inatetemeka kwa baridi na kukosa usingizi, na wewe ulikuwa na sindano.

Nikamshika. Mkono mmoja chini ya koo, mwingine tumboni, vilevile ninavyoshika siku zote. Alikuwa baridi na mzito, na ana utelezi kama mtoto anapotoka. Wewe ukawa unamshonea mgongoni kile kidude chako cha kufuatilia safari yake, chenye mkia wa waya. Na hapo chini ya kidole gumba changu, mwanangu, nikausikia moyo wake. Nasema nikausikia, sijui neno lingine. Polepole sana. Unapiga, unangoja, mpaka unadhani basi, kisha unapiga tena. Miaka miwili sijasikia moyo wa kiumbe. Sikuwaambia, mlikuwa na kazi.

Tumbo lake nalo nililisoma. Mayai yamo, lakini machanga, hata punje haishikiki kwa kidole. Hajafika wakati wake. Yatakomaa njiani, ndani ya mwili usiokula, akiogelea. Nimezalisha wanawake waliotembea siku nzima kuja hospitali wakiwa na uchungu, na nilidhani najua mwanamke anaweza kubeba nini na kwenda nacho wapi.

Tulipomshusha mtoni chini ya ukuta alilala kwanza ubavu, nikaogopa. Ukamsogezea maji kwenye mashavu kwa kiganja chako. Akapumua. Akajigeuza. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea ukutani, kule alikotoka, akakaa hivyo muda kidogo na mimi nikafikiri labda ametusahau sote na amesahau safari. Kisha akakizungusha kichwa mpaka kikaelekea chini, baharini. Hakuna aliyemwonyesha. Hajawahi kuiona bahari tangu alipokuwa kijiuzi. Akaondoka.

Juu ya ukuta kulikuwa na mtu amesimama na mwavuli anatutazama. Nadhani ni Meneja wenu. Nilimpungia mkono. Naye akapunga.

Wodini wazazi wananiuliza kila asubuhi, "Mkunga mwenzio amefika wapi?" Nawaambia bado yuko njiani.

Mama yako


Kituoni, 18 Novemba

Mama,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, za dawa mpya ya goti, na za wodi? Huku kiangazi kimekausha kila kitu isipokuwa mdomo wa Kimya.

Kaa kitako kabla hujasoma.

Kile kidude nilichomshonea kilikuwa kimepangwa kujikata chenyewe baada ya miezi kadhaa, kielee juu ya bahari na kurusha angani kila kilichokiandika. Vile vinne tulivyowashonea wenzake siku ile havikusema kitu. Labda viliharibika, labda waliliwa. Nilikuwa nimeshakata tamaa nacho. Jumanne asubuhi nilifungua kompyuta ili nimtumie mtu picha ya kambale, nikakuta ujumbe wa setilaiti. Ni wake.

Nikamwita Profesa. Tukaketi bega kwa bega, tukaona mstari ukijichora.

Alishuka mto wote. Kisha ukaja mstari wa chumvi, bahari. Alikaa karibu na pwani kidogo, halafu sakafu ikaondoka chini yake naye akaenda nayo. Mama, kila siku, kulipopambazuka, alizama. Si kidogo. Alikwenda chini kama urefu wa kuta kumi za bwawa hili zikipandishwa moja juu ya nyingine, mahali ambapo jua halijawahi kufika tangu dunia iumbwe. Na kila jua lilipotua alipanda. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Kule chini ni usiku mtupu, sasa nani anamwambia kwamba huku juu kumekucha? Aliishi nusu karne kwenye tope la mto na ziwa, na siku ya kwanza kilindini akaanza kuogelea hivyo, kama anayeimba wimbo ambao hakuwahi kuusikia.

Aliendelea hivyo miezi mingi, bila kula. Alipita visiwa. Alipita sehemu ambazo vitabu vyetu vilidhani ndiko wanakoishia, akaviacha vitabu nyuma. Siku ya mwisho mstari unashuka kama kawaida, kidude kinajikata, kinapanda peke yake. Yeye akabaki chini. Tunajua tu kwamba alikuwa hai, na alikuwa bado anakwenda.

Profesa alisimama akatoka nje. Nilimkuta ameegemea nguzo ya baraza, anatazama mlima. Akasema, "Nimefanya kazi hii miaka thelathini na nane nikitaka kuona mstari ule." Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake.

Alasiri Meneja aliteremka mwenyewe. Alikuwa amesikia, Kimya alishamwambia kila mwenye masikio. Tulimwonyesha. Aliuliza maswali ya fundi: kina gani, shinikizo gani, mwendo gani. Halafu akauliza, "Huyu ni yule aliyeshikwa na yule mama?" Nikasema ndiye. Akatazama tena mstari, akasema mitambo yote itasimamishwa kwa zamu kiangazi hiki ili ifanyiwe matengenezo, na fundi wake anaweza kutumia nafasi hiyo kufunga nondo za karibukaribu mbele ya kila mtambo, samaki wakubwa wasipite, na bomba la pembeni la kuwashusha. Taa hazitazimika. Akataka kujua pia vile vitoto vinavyokuja kutoka baharini hupandaje. Nikamwambia wanahitaji mahali pa unyevu na pa kushika tu. Basi tunalaza bomba lililokatwa nusu, kutoka chini mpaka juu ya ukuta, ndani yake kamba kuukuu zenye nyuzinyuzi, na maji yanayochuruzika. Sijui kama watakuja. Miaka arobaini na mitatu ni mingi.

Waambie wazazi amefika mbali.

Kitindamimba wako


Nyumbani, 30 Novemba

Kitindamimba wangu,

Marahaba, marahaba. Dawa ya goti haijui kazi. Sikio la kulia nalo limefunga sasa, tusidanganyane, watu wananiandikia kwenye kibao kidogo kama mwanafunzi. Usinionee huruma, nimesikia mengi ya kunitosha, na mengine heri ningeyakosa.

Barua yako niliipeleka wodini. Muuguzi mdogo aliisoma kwa sauti kitanda hadi kitanda, mimi nikizitazama nyuso. Alipofika pale anapozama kila kukicha na kupanda kila jua likitua, nikaona vichwa vinainuka kitanda baada ya kitanda. Mwanamke mmoja kitanda cha dirishani, uchungu umemkolea, alishika reli ya kitanda akatikisa kichwa, polepole, kama anayekubaliana na mtu. Alijifungua salama mchana ule.

Kisha akaomba kibao changu, akaandika, "Alifika?" Nikamjibu kwamba hata wanaojua hawajui. Aliridhika na jibu hilo kuliko nilivyotarajia.

Mshukuru yule mwenye mwavuli. Na lile bomba lenu, lilazeni vizuri, sehemu zisiwe kavu.

Mama yako


Kituoni, 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mikono inakwenda kazini hata kama masikio yamekaa nyumbani.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ukuta, karatasi iko magotini. Jua ndiyo kwanza linatoka. Mwandiko ukikushinda, nisamehe.

Wiki nzima mto ulikuwa umetoa harufu ya mvua ya mbali. Juzi Kimya alisema ameona kitu kinameta kwenye saruji, chini, mahali penye ukungu wa maji. Jana kabla hakujakucha vizuri tulishuka sote, pamoja na Meneja. Nilidhani ukuta umetoka jasho. Nikasogeza uso.

Walikuwa wao, Mama. Wengi, siwezi kukuambia wangapi. Vijiuzi, kila kimoja kirefu kama kidole chako cha mwisho na chembamba kama tambi, kinapitisha mwanga, moyo mwekundu unadunda ndani yake kama nukta ya wino. Ukuta ulikuwa umefunikwa nao upana wa mlango. Wananata kwa tumbo, wanajinyonganyonga, wanapanda. Wakifika penye ukavu wanaanguka. Wanaanza upya. Labda wamekuwa wakija kila mwaka, miaka yote hii, wakianguka na kuanza upya, na hakuna aliyewahi kuinama kutazama.

Sitakuambia ni watoto wake. Watoto huchukua muda mrefu baharini, na bahari ina akina mama wengi. Meneja aliniuliza hilohilo, nikamjibu hivyo. Akasema, "Lakini ni watoto wa mmoja wao." Hilo sikuweza kulikataa.

Tulifungulia maji kwenye bomba. Wa kwanza aligusa kamba, akarudi nyuma, akagusa tena. Akaingia. Akafuata mwingine. Mara bomba zima likawa linatembea. Nikaacha vifaa vyangu vyote chini nikapanda ngazi za ukuta mpaka huku juu, nikakaa kwenye mdomo wa bomba kumngoja wa kwanza, mchana kutwa na usiku kucha. Profesa alinifuata, anahema, akakaa upande wa pili.

Wakati tunangoja nilipiga hesabu. Anayefika leo ataishi ziwani humu miaka mingi kabla ya tumbo lake kung'aa. Akigeuza kichwa kuelekea baharini mimi nitakuwa mzee kuliko wewe sasa, au sitakuwepo. Profesa hatakuwepo. Mtu atakayemfungulia njia siku hiyo huenda hajazaliwa, huenda atazaliwa wodini kwako. Nilimwambia Profesa hivyo. Akasema, "Ndiyo maana tunaandika vizuri."

Kisha, alfajiri hii, akanigusa mkono. Kwenye ncha ya kamba palikuwa na kichwa kidogo kama punje ya mchele, chenye macho mawili meusi. Alikaa ukingoni, maji yakimpita. Nyuma yake ulikuwa ukuta wote na mto wote na bahari. Mbele yake ziwa, limelala, halina hata wimbi.

Akaingia. Maji hayakutikisika.

Kitindamimba wako